Tawi Lililonidaka

Jumatatu, 4 Machi
Mimi bahati ndiyo iliyonizaa! Mpandaji gani mwingine ameporomoka kutoka kileleni mwa mti, kule visiwani ambako hata ndege wanafika wamechoka, tawi likamdaka kama mama anavyodaka mtoto? Mimi tu. Leo nimehadithia tena ofisini mpaka mhasibu chai yake ikapoa.

Kisha Daktari wa miti, mkuu wa safari yetu, akaniita. Mwanamke mdogo wa umbo, lakini mti akiutupia jicho tu anakutajia ukoo wake mzima. Jumamosi tunawashukuru waliotusaidia kwa safari ile ya kusaka miti visiwani, na anataka nizungumze mimi. Nikamwambia shule yangu ni ya kuombea maji. Akasema shule anayo yeye, mdomo ninao mimi. Kweli tupu!

Jumatano, 6 Machi
Kutwa nzima chumba cha majani. Kila aliyetusaidia atapewa jani moja la visiwani, limebandikwa kwenye kadi ngumu.

Watu hawa jamani! Muuza magazeti alitupa magazeti yake yote yaliyododa. Ndiyo tuliyokaushia: jani katikati, gazeti juu, gazeti chini, mbao mbili, kaza kamba. Asubuhi unabadilisha magazeti, la sivyo jani linaota ukungu. Mbao katoa seremala. Mwokaji naye katoa biskuti — ngumu, ungeweza kujengea ukuta — lakini mvua ilipotufungia kambini ndizo zilizotuweka hai, tukamwombea dua na meno yetu yakiuma. Hakuna hata mmoja wao atakayeviona visiwa vile. Wametoa tu, ili mti usiojulikana ujulikane. Nimekula chumvi za bandari nyingi mimi, roho kama hizi sijaziona.

Jani la muuza magazeti limeshika wino: matokeo ya mpira, kinyumenyume. Daktari akataka kulitupa. Thubutu! Nikamwambia hilo hilo ndilo lake.

Alhamisi, 7 Machi
Nimezunguka kualika watu. Mwisho nikafika kwa shemeji yangu, mke wa kaka, fundi cherehani. Yeye ndiye aliyeshona mkanda wa kupandia. Turubai nzito, kila mshono kaurudia, halafu akaufunga kwenye boriti la duka na kuning'inia humo mwenyewe, mama mzima, wateja wakimtazama! Siku ile nilimcheka, nikasema mimi si mzigo wa kufungwa kamba.

Leo akaniuliza, macho kwenye sindano: "Shemeji, mkanda wangu ulifaa?"

Nikamwambia ulilala begini safari nzima, umenenepa.

Akacheka kidogo. "Haya. Bora haukukusumbua." Akakata uzi kwa meno, akaendelea na kazi.

Jioni chakula nimekiacha nusu sahani. Sijui kwa nini. Najua.

Ijumaa, 8 Machi
Habari kubwa! Mdogo wangu wa kike, Kindi — tumemwita hivyo tangu alipoanza kutambaa, maana alitambaa kwenda juu — Daktari amemchukua kwa safari ya pili. Atapanda badala yangu, goti langu bado bovu tangu nilipoporomoka. Wanaondoka Jumatatu. Kindi ni fundi wa kupaka rangi mapaa, haogopi kitu, mikono kama koleo. Nilijivuna mpaka shati likabana.

Nimekwenda kumsaidia kufunga mizigo. Mkanda hakuutia. Nikauliza, akasema Daktari amewaambia kama haukutumika safari ya kwanza, basi wapunguze uzito.

Nikamwambia auchukue.

"Kaka, wewe ulivaa?"

Nikainama kukaza kamba ya begi lake.

"Si ndiyo hapo! Bahati iko kwenye damu yetu." Akanipiga begani.

Nikacheka. Nilicheka! Mjinga wa kutupwa mimi.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika koridoni, nimeegemea mlango wa ukumbi. Ndani wamejaa. Daktari anawashukuru mmoja mmoja, na si kwa maneno ya sukari — anamwambia kila mtu kitu chake kilifanya kazi gani. Seremala anajifuta macho, anasingizia vumbi la mbao, humu hamna hata ubao. Mwokaji kaambiwa biskuti zake zilishinda mvua, watu wakapiga meza. Muuza magazeti kageuza jani lake mwangani, kasoma, kapiga kelele: "Kumbe hata visiwani tulifungwa!" Ukumbi mzima umevunjika mbavu. Mtu ungetaka kuwakumbatia wote kwa mkupuo.

Shemeji yuko safu ya nyuma, gauni jipya. Daktari amempa kadi, akamshukuru "kwa moyo wake". Basi. Hakuwa na la zaidi la kumwambia, mimi ndiye niliyemnyima. Shemeji ameishika kadi kwa vidole viwili kama kitu cha kuazima. Kindi kakaa kando yake.

Sasa naitwa. "Njoo utupe ile ya tawi!" Makofi. Kindi anapiga kuliko wote, kasimama kabisa.

Nakuja, nakuja. Wacha niandike kwanza, labda mdomo utafuata.

Tawi halikunidaka. Tawi ndilo lililokatika, huko juu walikokuwa hawanioni. Nilikuwa nimevaa mkanda.