Jibu Nililompa Mjumbe wa Skuli

Aden

Kwa kaka yangu Bakari bin Hamisi, Kanga, Mafia.

Kaka, nakushika miguu tokea huku mbali. Mimi mzima, nakula, nalala, na vidole vyangu vyote kumi bado ninavyo, useremala haujanila. Nanyi je, hapo nyumbani? Minazi imezaa? Wanao wanaendeleaje?

Leo nina la kukusimulia, na tangu juzi mwili unanisisimka kila nikilikumbuka. Unajua nafanya kazi kwa Wayahudi wa mji huu. Wengi ni wafua fedha, watu wa hali ya chini, na wana skuli ya mayatima wao. Mkuu wake ni mzee mmoja, Mori Salim; Mori kwao ndiyo kusema mwalimu. Dari ya skuli imeshikwa na boriti za mikandaa, zilezile zikatwazo kwetu mikokoni, lakini mchwa wamezila hata zimebaki ganda. Vumbi lake lawamwagikia watoto vitabuni.

Uwezo wa kuitengeneza hawana. Basi wakawaandikia Wayahudi wenzao wa Ulaya, chama cha watu wenye nafasi wasaidiao skuli za namna hii. Barua ilisomwa mbele ya wote, wake kwa waume, na asiyeridhika na neno akasema. Kaka, nilitoa macho! Sisi kuomba kwetu ni kwa kunong'ona, pembeni. Hawa waliomba kichwa juu, kwa watu wasiowajua hata sura, kama mtu amwombaye mjomba wake. Na wale wakajibu: tunamtuma mjumbe aje aone.

Mjumbe akafika kabla ya siku yake, asubuhi, wenyewe wako kwenye sala. Akanikuta peke yangu naranda ubao mlangoni. Akaniuliza kwa Kiarabu, "Wewe ndiye seremala? Skuli hii ina hali gani?"

Nami nikajibu kama tulivyolelewa: "Njema, alhamdulillahi. Hakuna neno." Nikangoja aulize tena, ndipo nimpe habari yenyewe. Kwetu nani asiyeuliza tena? Yule bwana akaandika, akashukuru, akaenda zake!

Mchana Mori akaletewa kijibarua: seremala wenu amesema skuli ni njema, msaada nitaupeleka kwa wenye shida zaidi, kesho nasafiri. Nilipoelewa nilichofanya nililia, kaka, mtu mzima na ndevu zangu. Nikasema, "Nifukuze, Mori." Akasema, "Vaa viatu, twende."

Tukaenda kwa miguu hadi bandarini, jua la huku nalo halina huruma, na yeye mzee wa mkongojo. Njia nzima nilijua atakalosema: msamehe huyu, mjinga, hajui kitu. Wallahi hakusema. Alisema, "Bwana, kwao huyu hutanguliza heri, kisha ndipo waseme shida. Ulimuuliza mara moja tu. Muulize tena."

Subhanallah! Skuli yake inampotea kwa ulimi wangu, na bado ananitunzia heshima mbele ya mgeni. Sijapata kuona mtu wa namna ile.

Mjumbe akaniuliza tena, nikamwambia yote. Akarudi nasi, akapanda ngazi na nguo zake nzuri, akakitia kidole kwenye boriti, kikazama chote. Chini yake watoto walikuwa wakisoma. Akashuka, akatoa karatasi yake, akalifuta neno langu.

Juzi jibu limekuja: dari yote itajengwa upya. Watu walipokezana ile barua wakiibusu, na vikongwe waliovaa viraka wakapiga vigelegele. Yuko mtu huko kwenye baridi, watoto hawa hatawaona maisha yake, na ametoa. Nalifikiri hili, kaka, kichwa kinanizunguka.

Nisalimie shemeji, na shangazi Mwanahawa aliyenilea, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani. Mwambie fimbo zake zimenifaa. Na wote wanaoniulizia, wape mkono wangu.

Kaka, barua yako ya mwisho ilisema, "Mama hajambo, alhamdulillahi." Nilishukuru, nikaikunja. Jana nimeikunjua. Sasa nakuuliza mara ya pili: mama yuko vipi?

Ni mimi mdogo wako,
Shomari