Salumu, Banatafuta Mukatoliki Mwenye Alikuwa Weye

Mudomo-Moto wangu,

Uko nasikia? Kabondo, mutaa yetu yote, inakulia, na yote inasema uongo. Ile risasi yenye ilikuua kwa pont, daraja ya Tshopo, hakuna mutu anajua ilitoka wapi. Lakini vijana ya musikiti banasema: Mwana wa Mission njo aliuza Salumu. Mwana wa Mission! Nilikaribia kucheka mu matanga yako, nikauma shati.

Juu ni siye wawili tu tunajua. Weye mwislamu, uliandika tract, vile vikaratasi, za mission, na jina Mwana wa Mission. Miye mubatizwa, niliandika za musikiti, na jina Mwana wa Musikiti. "Abbé, Mungu yako najua kumutetea kuliko weye!" Weye unanicheka, unaniita padri, mikono nyeusi na wino ya ronéo, mashini yetu ya kuchapa. Miye nauliza: mama wa kuuza pondu, majani ya muhogo, analipa taxe, kodi ya soko, mama wa samaki analipa, alors kwa nini hiyo kodi inajenga masomo, shule, ya mission tu, ya Korani inavuja? Weye unajibu na matusi, matusi mazuri, eh! Soko inachemka, na siye tunakula makemba, ndizi ya kupika, kwa sahani moja.

Bon. Ile mazuri imeisha. Jana vijana ya musikiti walikamata Tonton Zefirini, katekista wa mission, juu iko na mashini ya kuandikia. Banasema Mwana wa Mission ni yeye. Leo, kisha sala ya alasiri, banamupeleka kwa barebele, waasi. Kule mutu harudi, Salumu. Ule Tonton hata matusi hajui.

Vijana banasikia neno ya papa yako tu; akisema bamuache, banamuacha. Na papa yako… Niko naandika hapa kwa baraza yenu, ninamuona. Ameshika tract ya Mwana wa Musikiti kwa kifua, anaonyesha kila mutu mwenye anaingia: "Ona mutoto wangu alivyotetea dini." Ni yangu, ile! Yako ni ile yenye alipasua na meno. Nikisema kweli, nanyanganya ye karatasi, nanyanganya ye mutoto. Nikisema ni miye Mwana wa Mission, banabeba miye.

Sasa papa anatawaza kwa sala ya alasiri. Mayi imefika kwa miguu, kisha miguu ni sala.

Lala, ndugu. Hata banifukuze kwa matanga, kaburi yako nitaipalilia, naahidi. Ile ninaweza. Lakini hii ya Tonton, Salumu, hii… fikiri upesi kama zamani: weye, mbele ya papa, ungefanya nini?