Hewa Ilikuwepo

Jumapili, mwezi wa tatu. Mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke.

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kusikia nyumba ya mama imeezekwa upya na chumba changu umekipaka rangi kunisubiri. Mimi mzima, ila magoti tu. Bado niko makumbusho, nawaeleza wageni kwa nini dunia inakalika: jua halituunguzi wala halituachi tugande, maji yapo, na hewa imetufunika kama shuka jepesi.

Juzi muuza tiketi, mama mwenye utani mwingi, alinikatiza mbele ya wageni: "Babu wee! Kama dunia yote inakalika, kwenu ulikimbia nini?"

Wageni wakacheka, nami nikacheka nao.

Ningemjibu nini? Hewa ilikuwepo, na maji yalikuwepo. Lakini askari walipokuja kunitafuta kwa sababu ya makala yangu ya gazetini, wewe, tumbo moja na mimi, ndiye uliyewafungulia mlango ukawaonyesha nilipolala. Katika barua zako zote hujawahi kuligusa hilo.

Msalimie shemeji na watoto. Mimi sirudi.

Kaka yako