Fundi, Uliwaambia Situlii

Fundi Karisa,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kwa mazoea, kisha nikatamani kulifuta. Nimeliacha. Adabu ulinifundisha wewe, na sina nguvu ya kujifunza upya.

Tangu tukuzike kwenu Adu, hii ni wiki ya tano. Hoteli yako ya Watamu imempa mtu mwingine jiko lako, na sufuria zako za samaki amezihamishia stoo. Mkeo, Mama Dama, hajambo, ila bado anapika chakula cha watu wawili. Mimi wiki nne nilikulilia kama mtoto aliyefiwa na babake. Wiki hii nimekukasirikia, na nakuandikia wewe kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia.

Jumatatu nilikwenda Kilifi kwenye mahojiano. Kazi ya mwokaji mkuu, tena ya kudumu, ile ambayo hata hoteli ikifungwa wakati wa mvua mshahara unaingia. Miaka minane nimeitafuta. Nikavaa ile blauzi nyeupe uliyosema inanifanya nifanane na karani wa benki. Meneja, mama mmoja wa bara, mpole, akazisoma karatasi zangu huku akihesabu kwa ncha ya kalamu. "Kadzo, majiko saba kwa miaka minane? Mwajiri akiona hivi hujiuliza kama ni wewe uliyewachoka ama ni wao waliokuchoka."

Nikamweleza kwamba huku kwetu hoteli hufunga masika, watu wakarudishwa nyumbani. Akasema hilo analijua. "Lakini wenzako mvua ikikatika hurudi jiko lile lile. Wewe mbona hurudi?"

Mbona sirudi! Jibu unalo wewe, Fundi. Kila masika nilikuja kwako na mfuko wangu wa nguo, na kila masika ulinikataza kurudi nilikotoka. "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, mwanangu." Nenda Malindi kwa yule Mtaliano ukajifunze mikate. Nenda Mayungu ukajifunze kaa. Nami nilikwenda. Jiko moja walinipenda hata wakaniomba nirudi, nikakataa kwa sababu ulisema ya pale nimeshayamaliza. Wewe mwenyewe ulikaa jiko moja miaka ishirini na miwili, na sikuwahi kukuuliza kwa nini.

Hayo ningeyameza. Ushauri mbaya hata mzazi hutoa. Lakini yule mama akafungua faili kuukuu. Unakumbuka miaka mitatu iliyopita niliomba kazi hoteli hiyo hiyo, nikaandika jina lako kuwa ndiye wa kuulizwa habari zangu? Walikupigia, Fundi. Aliyekupigia aliyaandika majibu yako, na meneja akanisomea, nadhani kwa huruma tu, ili nijue kinachonikwamisha. "Kazi anaijua, lakini hatulii. Mvua moja tu, mtamtafuta."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Wiki ile ile waliyokupigia nilikuwa nyumbani kwako Watamu. Tulikula wali wa nazi na samaki changu, ukanipa kichwa kwa sababu ulijua nakipenda. Ukaniuliza, "Wameshapiga simu?" Nikasema bado. Ukanigusa bega. "Subira, mwanangu. Wataita tu." Ulikuwa umeshanimaliza, nawe ukaniongezea mchuzi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelisema hilo maisha yangu yote bila kuujua uzito wake.

Nimejaribu kukutetea, usidhani sijajaribu. Labda ulisahau kwamba wewe ndiye uliyenituma. Labda ulisema ulivyoniona. Kisha nakumbuka kila Desemba, wageni wakijaa, ulivyonipigia nije kukushika mkono, nami nikaja mbio kwa kuwa sikuwa na kazi ya kunizuia. Naona ulitaka niwe mtu wa kupatikana. Na sijui ni hoteli ngapi nyingine zilikupigia miaka yote hiyo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba sitalijua kamwe, na wa kumuuliza tumeshamtia mchangani.

Kazi hawakunipa. Jana walinitumia ujumbe wa kunishukuru kwa kufika. Leo asubuhi nimeomba ya msimu, Malindi, litakuwa jiko la nane. Nilipofika pale pa kuandika jina la mtu wa kuulizwa, kalamu ikasimama. Miaka minane sikuwa na jina jingine, Fundi. Nimepaacha wazi.

Jumamosi tunaondoa matanga. Mama Dama ameniomba nipike, kisha nisimame niseme neno, maana anasema hukuwa na mwanafunzi uliyempenda kama mimi. Hajui, na hatajua kwangu. Sijakusamehe. Huenda nikakusamehe siku moja, lakini si Jumamosi hii.

Nenda salama. Nakuahidi nitakuja, nitapika, na watu wakiniuliza habari zako nitawapa yaliyo mema. Ukiulizwa habari za mtu ambaye hayupo, hivyo ndivyo inavyofanywa.

Kadzo