Kijani Tena, na Mgeni Anakuja

Jumatatu, 2 Juni 1997

Chuo kimefungwa tena. Wanafunzi wamerusha mawe, polisi wamerusha gesi, na mimi nimetoka na sanduku la vioo kichwani kama muuza mayai. Dkt. Kisilu, mwalimu wangu wa utafiti, alinipitishia chupa za kemikali langoni ndani ya mkoba wa mkewe. Akasema kazi iendelee nyumbani. Nyumbani! Chumba kimoja mtaa wa Umoja: mimi, dada yangu Triza, binti yake Vivian na cherehani.

Mgeni kutoka Japani anafika Ijumaa ya wiki ijayo. Ana nafasi moja ya uzamifu katika maabara yake. Anachotaka kuona ni kipande cha kioo kilichopakwa utando mwembamba wa semikondakta unaotoa mwanga wa bluu. Bluu tu. Nikiwa nayo, naenda. Nikikosa, barua ya kufundisha fizikia kidato cha pili huko Webuye iko tayari, imepigwa muhuri, na mwalimu mkuu ameshauliza kama naweza kuchukua na netiboli.

Sitaki netiboli.

Jumanne, 3 Juni

Triza ameniuliza: dunia nzima ina taa, kwani nyinyi mnatafuta rangi? Nikamweleza. Nyekundu ni rahisi, kila redio inayo kwenye kitufe chake. Bluu ndiyo kazi. Wimbi lake ni fupi, na leza ya wimbi fupi inaandika herufi ndogo, kwa hiyo sahani moja itabeba nyimbo za sahani tano. Wajapani wameshaiwasha kwa madini ya galiamu. Sisi galiamu tutaitoa wapi? Tuna zinki.

Triza akasema ni sawa, bora isichafue vitambaa vya wateja wake.

Mapishi: chumvi ya zinki, kemikali ya salfa, amonia, chembe ya madini ya fedha, maji safi kabisa. Nyuzi themanini kwa muda wa saa nne — bila kupanda, bila kushuka. Kioo kinalala humo ndani kikijipaka chenyewe. Kisha kinaokwa ndani ya mkebe wa chuma, katikati ya makaa. Mwisho kinamulikwa chini ya blanketi kwa taa ya kukagulia noti bandia. Taa nimeazimwa na rafiki yangu Sirad, mwenye duka la vitambaa Eastleigh. Maji nimenunua kwa Ndirangu wa kuchaji betri, pale kona. Maji ya betri hayana chumvi wala uchafu. Kemikali zote hizo Triza anaziita supu.

Jumatano, 4 Juni

Supu ya kwanza. Inanuka mayai viza! Andati, mwangalizi wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, alifika mlangoni na leso puani kuuliza ni nini kimekufa. Nikamwambia ni utafiti wa serikali. Akarudi nyuma hatua tatu.

Mtu huyu hana kazi. Anakaa kwenye stuli mbele ya mita ya stima — ile moja inayohudumia vyumba kumi na sita — akitazama kisahani kinavyozunguka. Mwenye ploti amepiga marufuku koili za kuchemshia maji. Ukishikwa unahama siku hiyo hiyo. Mwezi wa tatu watu wa chumba cha tisa walitolewa mvua ikinyesha, godoro na yote. Tangu hapo tumekuwa watu wa makaa, au tunajifanya.

Saa nane nilimwachia Triza jiko nikaenda kumpigia Dkt. Kisilu simu ya kibanda. Foleni na laini mbovu, muda wa saa nne nzima. Nimerudi nikichungulia kipimajoto kwa jicho moja. Themanini kamili! Yote ni jinsi nilivyoyapanga yale makaa. Kuna watu tuna mkono.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeoka. Nimeingia chini ya blanketi na taa ya Sirad.

Kijani.

Si bluu yenye ukijani. Kijani kabisa, kama sare ya shule. Triza akaingiza kichwa, akasema kijani nacho ni kizuri, kinatuliza macho. Nikamwomba atoke.

Najua ugonjwa wake. Ni shaba. Punje moja ya shaba kwenye gunia la zinki inatosha, mwanga wote unageuka kijani. Swali ni imetoka wapi. Nimeosha kila kitu mara mbili. Nimevua hata herini.

Ijumaa, 6 Juni

Supu ya pili. Nilienda simu, nikarudi: themanini kamili. Ningekuwa mpishi ningekuwa tajiri.

Andati ameitisha mkutano wa ploti. Anasema kuna mtu ana koili! Kisahani kimekimbia kuanzia saa nane mchana, Jumatano na leo. Akatuangalia mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu. Nikasema kwa sauti kwamba mtu wa namna hiyo ni mjinga na anatuhatarishia sote. Watu wakaitikia. Triza aliinama akafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Jumamosi, 7 Juni

Kijani! Tena!

Nimekasirika nikafanya jambo. Nilichukua jagi nikaenda moja kwa moja kwa Ndirangu. Duka limejaa, watu wamesimama na betri zao. Nikamwambia mbele ya wote: Mzee, maji yako yana shaba. Akaniuliza: Maji yangu? Nikasema ndiyo, yako, na unaharibu kazi ya watu na betri za watu. Kina baba wawili wakarudisha mitungi yao chini polepole, wakaondoka.

Ndirangu ni mzee wa kanisa. Hapandishi sauti. Alinifunikia jagi langu, akanirudishia kwa mikono miwili. "Asenath, haya maji nimeuza tangu sabini na tisa," akasema. "Hakuna mtu amewahi kuniambia hivyo."

Nimetembea kurudi nyumbani nikijiona shujaa. Nilipofika mlangoni ushujaa ulikuwa umepungua kidogo.

Jumatatu, 9 Juni

Ndirangu ametundika kibao dukani: MAJI YETU HAYANA SHABA. Maskini. Sasa hata ambao hawakuwa wamesikia wanasimama kuuliza kwani ni ya nani yenye shaba.

Nimenunua maji ya duka la dawa Buruburu, ya chupa, ya sindano. Supu ya tatu nimepika kwayo. Simu, kurudi, themanini. Zimebaki siku nne.

Jumanne, 10 Juni

Kijani.

Kwa hiyo si maji. Ndirangu hana kosa lolote. Nimekaa kitandani nikala mkate mzima bila chai.

Dkt. Kisilu anasema kwa simu nisijitie presha, ila mgeni ameshapanda ndege. Tena kwa kuwa chuo kimefungwa, Ijumaa atamleta hapa hapa. Hapa! Nikamuuliza kama Wajapani wanakunywa chai ya maziwa. Akasema yeye ni mwanafizikia, hajui.

Jumatano, 11 Juni

Sijui nicheke au nilie, na nimefanya vyote viwili.

Supu ya nne ilikuwa jikoni. Nilienda simu nikakuta kibanda kimeharibika, waya unaning'inia. Nikageuka. Nimefungua mlango — Triza amepiga magoti mbele ya supu yangu, ameshika kijiti cha mwiko, na kwenye kijiti amening'iniza koili. Koili! Imezama ndani ya supu! Waya umepita chini ya kapeti mpaka kwa soketi ya cherehani. Jiko la makaa liko kando, limezimwa.

"Nimevaa ndala za mpira, usiogope," akasema.

Akajieleza mwenyewe. Makaa yangu ni mabaya. Nikiondoka tu joto linashuka hamsini, mara linapanda tisini. Na mimi nilisema lisiteleze hata kidogo, maisha yangu yako hapo. Sasa yeye anachomeka, anachomoa, anachomeka, anachomoa, jicho kwenye kipimajoto, muda wa saa nne, cherehani imesimama. Nikikaribia kurudi anarudisha supu jikoni, anaificha koili chini ya godoro. Hakutaka kunivunja moyo. "Si ulikuwa unajisifu, nikakuacha ujisifu."

Kisha akaitoa aniringishie. "Hata supu yako inaisafisha! Ilikuwa imeshika masizi, cheki vile inang'aa."

Inang'aa kwa sababu ni ya shaba, na amonia imeila. Shaba yote hiyo iko kwenye vioo vyangu. Nikamweleza. Dada yangu alikaa chini sakafuni akajifunika uso na kitambaa cha mteja. Akasema amenimaliza. Nikamwambia hapana, nikamshika, na nilikuwa na hasira bado. Nampenda na ningeweza kumtupa nje dirishani, lakini dirisha lina vyuma.

Alhamisi, 12 Juni

Nafasi ya mwisho. Kwanza maji, na pesa za Buruburu zimeisha. Nikaenda kwa Ndirangu nikiwa nimevaa leso kichwani kama mtu wa matanga.

Nikasema: Mzee, samahani, nilikosea. Akauliza: Kwa hiyo shaba haikuwa kwa maji? Nikasema haikuwa. Akauliza, kwa upole mbaya sana: Basi ilitoka wapi, ili niwaambie watu? Mpwa wa Andati alikuwa hapo hapo akichaji betri ya redio. Nikasema... ilitoka hewani. Hewani! Mbele ya mtu anayefanya kazi na betri miaka kumi na minane. Akanijazia jagi, hakuchukua pesa. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Nimepika mwenyewe, makaa matupu. Triza nimemkalisha mbali na mikono yake mapajani. Sasa nimejua ukweli wangu: sina mkono wowote. Hamsini na tano. Tisini na mbili. Nikapepea, nikamwagia majivu, nikaomba Mungu. Triza alikuwa anauma midomo.

Nimeoka. Nimeingia chini ya blanketi.

Bluu.

Nimeandika polepole ili niamini. Bluu! Ina mabaka kama shati lililopigwa dawa ya jiki, sehemu nyingine hazina rangi kabisa, lakini ni bluu. Triza alipiga vigelegele mpaka Andati akagonga kuuliza nani ameolewa.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika nikiwa chooni, ukuta mmoja na chumba chetu. Nimejifungia. Nimewaambia kuna vipimo naangalia kwenye daftari.

Walifika saa nne na nusu. Mgeni ni mtu mdogo, mpole, amevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Anakunywa chai ya maziwa. Andati ameingia naye na kukaa kiti kizuri, kwa sababu mgeni wa ploti eti ni mgeni wake. Ndirangu naye amekuja, koti la Jumapili, na chupa ya maji iliyozibwa kwa nta. Anataka wataalamu wapime, kisha mtu atamke mbele ya watu kwamba ni safi. Sikuweza kumfukuza. Nilimpa stuli.

Tukafunika dirisha. Mgeni akaingia chini ya blanketi na kioo cha bluu. Nikasikia "mm." Baadaye "mm" nyingine, fupi zaidi. Akatoka, akasema kitu kwa adabu nyingi, kwa Kiingereza kizito cha Kijapani. Dkt. Kisilu akatafsiri: ni bluu kweli, hongera, lakini mabaka hayo hayawezi kujenga leza. Bluu ya mabaka ameiona nchi saba.

Nikaona Webuye. Nikaona netiboli.

Ndipo akaviona vile vya kijani, nilivyovirundika nyuma ya cherehani kwa aibu. Akachukua kimoja akakipeleka mlangoni kwenye jua. Akakigeuza. Akatoa lenzi mfukoni. Akachukua cha pili, cha tatu, akapiga magoti sakafuni. Anaongea haraka, Dkt. Kisilu anahangaika kumfuata: miaka sita wanatafuta utando ulio sawa hivi kutoka pembe hadi pembe, kwa mashine ya bei ya nyumba. Shaba si kitu, itaondolewa. Usawa huu ndio kazi. Nafasi iko hapa! Anataka tu kujua njia. Joto lilishikiliwa na nini? Aone hicho kifaa sasa hivi, na akione kikifanya kazi.

Wote wakanigeukia. Andati kikombe mkononi. Ndirangu kwenye stuli, anatazama waya ulioingia chini ya kapeti, anaufuata kwa macho taratibu mpaka kwa soketi. Yule mzee anajua stima.

Nikisema makaa, mgeni atasema nipike aone, na nitapika mabaka. Nikisema kweli, nafasi naipata na Triza analala nje leo na mtoto. Nyumba ni ya jina lake. Mimi nitakuwa Japani nikila samaki.

Nikasema samahani, vipimo viko kwenye daftari, nikakimbilia msalani.

Andati anagonga. Anasema wageni hawaachwi hivyo. Namwambia dakika moja, anarudi ndani. Nimeandika "makaa" hapa, nikakata. Nimeandika "koili ni yangu", na hilo nimeliacha. Lakini mgeni atataka nioneshe, na mimi sijui kuchomeka na kuchomoa. Anayejua ni mmoja.

Nasikia vikombe vikiwekwa chini huko ndani. Sasa Triza anaongea, kile Kiingereza chake cha wateja, anamwambia mgeni asubiri kidogo, asogeze miguu. Godoro linavutwa. Nasikia Ndirangu anasema, "Andati, keti kwanza, mimi na wewe tutaongea baadaye." Andati anauliza kwa sauti kubwa, hiyo ni nini, Mama Vivian, hiyo ni nini umeshika?

Natoka, niseme ni yangu.