Vyuma Visivyonolewa

Nyumba Na. 14, Njia ya Kisima,
Puliyantivu,
Mattakalappu.
8 Machi 1982

Mpendwa binti yangu Jeyarani,

Pokea salamu za nyumba hii uliyokulia, ambamo jina lako bado linatajwa kila siku, hata kama anayelitaja ni mtu mmoja tu. Natumaini barua hii itakukuta wewe, mumeo Guna na mtoto mkiwa wazima, na kwamba baridi ya huko Bergen imeanza kulegea. Mimi baba yako mkubwa sijambo, kwa rehema za Mungu, isipokuwa magoti, ambayo hayanitii tena kanisani. Mchungaji ameniruhusu niombe nikiwa nimeketi. Naona aibu kidogo, lakini naomba.

Kidole gumba chako kinaendeleaje? Uliandika kwamba kimeshonwa nyuzi nne na kwamba kiganja nacho kimeungua. Tafadhali usikiloweshe mapema, wala usimwache mtoto akivute.

Niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako ilinifikia tarehe 25 Januari, na leo ni wiki ya sita. Sababu nitakueleza, maana nikiificha nitakuwa nimekukosea mara mbili. Lakini kwanza nikupe jibu uliloliomba, kwa kuwa mkaguzi wa vyakula atarudi kibandani kwenu tarehe 5 Aprili, na akikuta tena chembe ya chuma katika kottu yenu ya chapati za kukatakata, atakifunga kibanda.

Jibu ni hili, binti yangu. Vile vyuma viwili vya kukatia nilivyokupa havinolewi.

Guna alivinoa kwa nia njema, nami nisingependa umlaumu. Mtu akikabidhiwa kitu cha kukatia, mkono wake wenyewe hutafuta kinoo. Lakini kinachoikata chapati juu ya bamba la moto ni uzito wa chuma na wepesi wa mkono, wala si makali. Chuma chenye makali hung'ata bamba, kikalikwaruza, na ukingo wake mwembamba hupukutika vipande vidogo visivyoonekana ndani ya mayai na kabichi. Zile ndizo chembe alizoziona mkaguzi. Isitoshe, makali yakikwama kwenye mkwaruzo, chuma huteleza upande, na mkono ulio karibu ndio unaokipokea.

Mwambie Guna achukue tupa, aue makali yote mpaka ukingo uwe bapa kama ukingo wa rula, kisha aziviringe pembe nne za kila chuma. Bamba nalo lisuguliwe kwa jiwe hadi mikwaruzo ipotee, lioshwe, lipakwe mafuta, lichomwe upya. Ukipitisha kitambaa cha pamba juu yake kikanasa uzi mmoja tu, bado halijawa tayari.

Kosa la Guna nilikwisha kulifanya mimi kabla yake. Hili hukulijua, kwa sababu tulikuficha. Nilipostaafu ualimu na kufungua ule mgahawa pamoja na Kaka Lebbe, siku ya kwanza niliamka mapema nikavinoa vyuma vyake vyote viwili, nikavipanga juu ya kitambaa cheupe, nikamngoja anisifu. Alivitazama, akapitisha kucha, akaniambia, "Mwalimu, umedhani hizi ni penseli?" Nilichukizwa. Nilimjibu kwamba chombo butu ni dalili ya mtu mvivu, nikavishika mwenyewe, nikakata kottu ya kwanza kwa ajili ya mama yako mkubwa Nesamani. Alitafuna mara mbili, akaweka mkono mdomoni. Jino lake la mbele lilikuwa limevunjika pembe.

Wewe tulikuambia ni muwa. Hakuwahi kunilaumu, ila kila nilipokuwa nasahihisha maneno ya mtu mezani, alinigeukia na kutabasamu kwa upana, ili nilione lile jino, nami nikanyamaza. Sasa ni miaka mitatu tangu tumzike, na hakuna anayeninyamazisha. Nimekuwa mtu wa kuisahihisha redio.

Nisamehe, nimetoka njiani. Narudi kwenye kidole chako.

Uliandika kwamba ulikuwa unakata kwa chuma kimoja, huku mkono wa kushoto ukikusanya chapati ili zisitawanyike. Hivyo ndivyo tunavyokata kitunguu juu ya kibao jikoni, na ndiyo desturi iliyokuumiza. Juu ya bamba huna mkono wa kushoto. Una chuma cha kushoto. Chakula kikitawanyika, chuma ndicho kinachokirudisha. Yai likikimbilia ukingoni, liache likimbie. Shika vyuma vyote viwili kabla hujaanza, wala usikiweke chini hata kimoja mpaka umemaliza. Vyuma vishuke wima, kimoja baada ya kingine, visipishane kama mkasi. Viwiko vikae karibu na mbavu. Mipini iwe mikavu, maana mafuta kwenye mpini ni hatari kuliko moto.

Kuku wa mchuzi atolewe mifupa yote kabla hajafika kwenye bamba. Mfupa ukipigwa kwa chuma hupasuka na kuruka, na kimo chake cha kuruka ni kimo cha macho. Nyama mbichi usiikate kabisa juu ya bamba. Iwe na kibao chake na kisu chake, mbali na kabichi. Kisu hicho ndicho mnoe mpendavyo. Kabichi nayo ikaushwe, la sivyo mafuta yatakurukia usoni.

Usikate haraka ili kuwafurahisha wateja. Mdundo wa vyuma huja wenyewe. Najua watu wa huko watasimama kutazama, na mtu akitazamwa hutaka kuonyesha. Kaka Lebbe aliyekata kwa miaka arobaini ana vidole kumi, na sababu ni kwamba alipopigiwa makofi alipunguza mwendo.

Haya yote ningeweza kukufundisha ulipokuwa hapa. Uliniomba ukiwa na miaka kumi na tano, nami nikakufukuza kwenye bamba, nikakuambia kazi ile haimfai msichana aliyesoma kwa Wamisionari. Kisha ulipoolewa na kusafiri nikakupa vyuma vyenyewe, nikavifunga vizuri kwa gazeti, bila neno hata moja la kuvieleza. Kwa hilo nakuomba radhi.

Sasa nifike kwenye sababu ya kuchelewa.

Mwishoni mwa barua yako uliandika sentensi moja: "Kibanda kikifungwa, Baba Mkubwa, tutarudi nyumbani." Nililijua jibu la swali lako kabla sijaigeuza karatasi. Lingetosha kwenye kadi ya posta. Lakini sentensi ile niliisoma asubuhi, nikaisoma tena baada ya chakula, nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo ili niwe nayo hata kanisani. Siku ya pili nilinunua chokaa.

Jumanne iliyopita Kaka Lebbe alikuja kuniona, akiwa bado juu ya baiskeli.

"Umemjibu mtoto?" akauliza.

Nikamwambia kwamba bado natafuta maneno.

"Maneno! Umewachapa watoto wa mji huu miaka thelathini kwa ajili ya maneno, leo yamekuishia? Mwambie asinoe! Neno moja hilo, Mwalimu. Mimi nisiyejua kusoma ningeliandika kwa mkaa."

Aliingia kunywa maji, na mlango wa chumba chako ulikuwa wazi. Akasimama. Kuta ni nyeupe, kitanda kimefungwa kamba mpya, na kile kitanda kidogo cha mtoto nimekitengenezea kizuizi asianguke. Kaka Lebbe hakucheka, jambo ambalo kwake ni nadra.

"Bwana afya anarudi lini kwao?" akauliza.

"Tarehe tano mwezi ujao."

"Na wewe umekaa hapa unapaka chokaa, unamsubiri bwana afya akupatie mjukuu." Akaiweka bilauri mezani. "Shemeji Nesamani angekuwepo, leo ungelala njaa."

Jeyarani, ni kweli. Nilitamani ushindwe. Sikutamani uumie, Mungu ananiona, lakini nilitamani mgeni mmoja mwenye daftari akufungie mlango ili ufungue wa kwangu. Nilipokuwa nasali kwamba mrudi salama, nilikuwa nasali kibanda chenu kife. Mtu wa umri wangu, aliyefundishwa tangu utotoni kuchunguza nia yake kabla ya kulala, hakupaswa kuhitaji kuambiwa na muuza kottu.

Sitakudanganya kwamba sitamani tena. Jioni naweka sahani mbili kwa mazoea, kisha naondoa moja. Mtoto wako nimemwona kwenye picha tu, amevaa kofia ya sufu iliyomfunika hata nyusi, nami sijui ana nyusi za nani. Lakini sitaki uje kwangu kwa kuwa umefungiwa. Kata vizuri, binti yangu. Mkaguzi asione kitu. Na siku mtakapokuwa na nauli na likizo, mje kama watu wanaopata riziki, mkae, mniage, mwondoke. Nitavumilia kuagwa.

Nisalimie Guna, na umwambie sina kinyongo naye kuhusu kinoo. Mbusu mtoto kwenye nyusi. Shangazi yako Kanmani anakusalimu na kusema usisahau kuvaa soksi. Kaka Lebbe na mkewe Ummu wanawaombea kwa dua zao, nami kwa sala zangu, na hakuna mlango wa mbinguni utakaokosa mtu wa kubisha hodi.

Bwana ailinde mikono yako yote miwili, abariki bamba lako na wote watakaokula kutoka kwake, na akutunzie furaha hata pale nisipoweza kuiona.

Nilitaka kuinakili barua hii upya, kwa kuwa mwandiko umeharibika kuanzia ukurasa wa tatu, nawe unajua nilivyo. Lakini Kaka Lebbe yuko mlangoni na baiskeli yake, mguu mmoja chini, aipeleke posta kabla haijafungwa, naye ananipigia kengele. "Funga bahasha, Mwalimu," anasema, "kabla hujaanza kumpenda tena." Naifunga.

Ni mimi nikupendaye, leo kwa moyo ulio safi kidogo kuliko jana,

Baba yako mkubwa,
Daniel Vethanayagam