Isale Lililoingia Mahakamani

Morogoro

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko? Na yule ng'ombe mwenye maringo, amekubali kukamuliwa na Felista au bado anataka mkono wako tu? Sisi huku hatujambo. Joyce anakuamkia, na wajukuu zako wananenepa kwa joto hili hili linalonikausha mimi. Nasikia siku hizi wanunuzi wa kahawa wanakuja na mizani yao mpaka shambani. Msikubali mtu awapimie huku anawachekesha.

Felista, mdogo wangu, msomee mama polepole, na usiruke mahali ninapokutaja.

Sasa nianze na lile linalokunyima usingizi. Felista ameniandikia kwamba tangu uliposikia maneno ya wakili wa mwenye lori huli vizuri, unakaa jikoni na kusema wewe ndiye uliyeua kesi ya mwanao. Mama, kula. Kesi haikufa. Tumeshinda, na hakimu ameamuru mwenye lori na watu wake wa bima wanilipe. Kula kwanza kiburu chako cha ndizi na maharage ndipo Felista aendelee, maana habari yenyewe ni ndefu na mimi nataka kuisimulia yote.

Baada ya lile lori la saruji kuacha barabara na kuingia kwenye meza yangu ya mitumba, unajua nilitoka hospitali mguu ukiwa umebaki mpaka chini ya goti. Lile usilolijua ni kwamba mwenye lori alimtuma mtu wake aje aniambie nisijisumbue na mahakama. Eti ni bahati mbaya tu, breki zilikatika ghafla, nani anaweza kumshitaki Mungu? Nami nikakubali. Nilikuwa nimechoka, mama, hata kubishana nilikuwa siwezi.

Joyce ndiye aliyekataa. Alisikia sokoni kuna ofisi ndogo nyuma ya kanisa ambako mawakili wanawasaidia watu wasio na uwezo. Nikamwambia mawakili ni wa watu wenye magari, si wa watu waliogongwa na magari. Alimwita mwenye baiskeli, akanipakia kiti cha nyuma kama gunia la mkaa, akatembea kando yangu mpaka huko.

Wakili wetu anaitwa Zuhura. Ni msichana mdogo, ungemwona ungemtuma kuni. Ni mtu wa Tanga, anaongea taratibu mno, mpaka unatamani kummalizia sentensi. Lakini alikwenda mwenyewe pale nilipogongwa, akaongea na wauza matunda, akaenda polisi, akarudi viatu vyote vumbi. Akaniambia, "Kaka Kanuti, yuko aliyeshika usukani, na yuko aliyelituma lori barabarani. Huyo wa pili ndiye tunayemtaka. Gari la biashara hukatiwa bima kwa ajili ya watu kama wewe. Hii si sadaka, ni haki yako."

Basi kesi ikaanza, na ikiwa katikati ndipo baba yake dereva alipotoka Tarakea akaja kwako Mwika na mbuzi, na pombe ya mbege, na isale. Nawe ukalipokea. Nilipopata habari nilikasirika, nisikufiche. Na kumbe yule dereva kijana, Festo, kwa furaha yake alimweleza bosi wake kwamba nyumba zetu mbili zimepatana. Bosi akamwambia wakili wake. Wakili wao ni Mchagga mwenzetu, wa Machame, suti imenyooka. Akasimama mbele ya hakimu akasema, "Mheshimiwa, mama mzazi wa mdai amepokea isale. Kwetu jani hilo likipokelewa, mambo yamekwisha."

Hakimu ni mtu wa Songea. Akavua miwani, akauliza isale ni mdudu gani. Watu wakacheka, lakini mimi sikucheka.

Wakili Zuhura naye hakujua. Jioni ile nilimweleza kwamba ni jani la ule mmea tunaopandia mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, kwamba mkosaji akikuletea hilo huwezi kumkatalia msamaha, na kwamba mtu akishalipokea hafukui tena yaliyopita. Akauliza, "Nani alilileta?" Nikasema baba yake dereva. "Mwenye lori alikuwepo?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi hilo ndilo tutakalouliza."

Siku iliyofuata walimwita Festo awe shahidi wao. Walimtaka aseme mawili tu: isale lilipokelewa, na breki zilikatika ghafla. La kwanza alilisema vizuri. Alisema ulimkaribisha baba yake ndani, ukamwonjesha mbege yake mwenyewe kabla hujaionja wewe. Nilicheka kidogo hapo, nikakuona kabisa.

Kisha wakamuuliza habari za breki, mara mbili. Hakimu akamwambia ajibu. Festo akanitazama mimi, mama, hakumtazama wakili wa bosi wake.

"Mheshimiwa, breki hazikukatika ghafla," akasema. "Nilimwambia bosi kabla ya safari kwamba pedali inazama mpaka chini. Akaniambia kama naogopa kuna madereva wengi wanatafuta kazi. Nikaondoka na lori hivyo hivyo."

Wakili wao akaruka kama aliyekalia siafu. Akamuuliza kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo. Festo akasema, "Nilikuwa naogopa kufukuzwa. Lakini mama yake huyu kaka amepokea isale letu. Baba ameniambia nikiwadanganya tena, mimi ndiye nitakayekuwa nimelivunja. Siwezi."

Ndipo Zuhura aliposimama na utaratibu wake ule ule. "Mwenye lori alifuatana na baba yako Mwika?"

"Hapana."

"Alichangia mbuzi?"

"Hata mkia, dada."

Mama, mahakama nzima ilicheka, hata karani. Katika hukumu hakimu alisema msamaha wa nyumba zile mbili ni kitu chema na yeye hataugusa, lakini mwenye lori hawezi kujificha nyuma ya jani ambalo hakulileta. Kwa hiyo usiseme tena kwamba uliua kesi. Kama ungemfukuza yule mzee langoni, mwanawe angesimama pale akasema walichomtuma, na mimi leo ningekuwa na magongo haya na hasira yangu, basi.

Festo amefukuzwa kazi, kama alivyojua. Tulipotoka alinikuta nimesimama juu ya ngazi za mahakama natafuta pa kuweka gongo. Akaniuliza, "Nikushike, kaka?" Nikakubali, nikamwegemea mpaka chini. Joyce akampa chai.

Watu wa bima wakishalipa nitakuja huko, maana mguu wa bandia nitatengenezewa hapo hapo Moshi mjini. Nitakaa kwako mpaka niuzoee. Mwambie Felista asinicheke nikianguka mgombani.

Msalimie baba mdogo, mwambie suruali aliyoagiza nimeipata, ila tumbo lake alipunguze kidogo. Msalimie shangazi mwenye duka, na katekista aliyeniombea bila kuchoka. Wewe Felista, asante kwa kuandika ukweli kuhusu mama hata alipokukataza.

Jambo moja la mwisho, mama. Nilipokasirika nilikuwa nauliza moyoni, mama anasameheje mguu usio wake? Sasa nimekaa hapa nakuandikia, goti limelala juu ya kigoda, na nakumbuka kwamba mguu ule uliubeba tumboni kabla sijaukanyagia popote. Ulikuwa wako pia. Ulikuwa na haki ya kuusamehe.

Mwanao,
Kanuti